UZI: Mombasa 1631, New Mexico 1680, Haiti 1791. Mtawala aliporudi, ni jambo gani hakuthubutu kulirudia?

#1 Kaskazi na Kusi (mtoa mada)

Wakuu, habari za usiku. Uzi huu ni mrefu, naomba mtu asome kwa nafasi kisha achangie.

Jambo lenyewe ni hili. Tumezoea kuhesabu historia ya uasi kama matokeo ya mpira. Fulani alishinda, fulani alishindwa, daftari linafungwa. Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa, aliiteka Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno mjini humo, mwaka 1631 akaiacha mwaka uliofuata, basi anaandikwa katika safu ya walioshindwa. Waomani waliichukua ngome ileile mwaka 1698, hao wanaandikwa washindi. Hesabu hiyo imenikera siku nyingi, kwa sababu inatazama siku ya vita tu na kuisahau miaka 30 inayofuata.

Nimekuja na kipimo kingine, na ninataka mkijaribu kwa nguvu zote. Mtawala aliyefukuzwa anaporudi, au anapojaribu kurudi, ni jambo gani ambalo hathubutu tena kulifanya? Likiwapo, uasi ulizaa kitu hata kama viongozi wake wote walikufa. Lisipokuwapo, tukubali hivyo hata kama shujaa wetu tunampenda.

Naanza nyumbani. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, baada ya Mombasa kuvunjwa mara kadhaa na hatimaye kukabidhiwa kwa ukoo wa kifalme wa Malindi, waliokuwa marafiki wa Wareno tangu alipofika Vasco da Gama mwaka 1498. Sultani Hasan bin Ahmad alikuwa wa ukoo huo wa marafiki. Akagombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko na watu waliolipwa na kapteni huyo. Kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Mtu wa ukoo uliowapokea Wareno kwa mikono miwili, kichwa chake kinasafirishwa baharini kama bidhaa!

Aliacha mtoto wa miaka kama 7, Yusuf. Huyo naye alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri Waagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akatumika katika manowari za Kireno na kujua kazi ya mizinga. Mwishoni mwa miaka ya 1620 walimrudisha Mombasa awe mfalme Mkristo, mtiifu, wa mfano. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu Kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Ngome iliyojengwa kuzuia majeshi kutoka baharini ikaanguka kwa mtu aliyepita mlangoni.

Januari 1632 msafara wa Goa ulifika chini ya Francisco de Moura. Ukaizingira ngome mpaka Machi, ukashindwa. Ngoja hapa kidogo. Yusuf aliwashinda Wareno mara mbili: mara ya kwanza kwa hila, mara ya pili kwa mizinga na subira, mbele ya msafara mzima. Lakini Mei alibomoa sehemu ya ngome, akapanda meli aliyoiteka, akaondoka. Agosti Wareno wakarudi na kuikuta tupu. Yeye akabaki kuzunguka baharini, Arabuni, Komoro na Madagaska, akiwawinda Wareno mpaka alipofariki Jeddah mwaka 1638.

Kwa nini aliondoka? Mtu wa pwani anaweza kukisia. Kaskazi ikivuma, Goa inakuletea meli, na mwakani itavuma tena. Yusuf alikuwa na ngome, lakini hakuwa na jirani aliyeapa kusimama naye Januari nyingine. Miji iliasi kweli, ila kila mji uliasi peke yake.

Ushahidi uko juu ya lango kuu la ngome mpaka leo: jiwe la mwaka 1635, lililoandikwa kwa amri ya Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliyekuwa na umri wa miaka 27. Anajisifu mwenyewe. Ameijenga upya ngome. Wafalme wa Otondo, Manda, Luziwa na Jaca amewafanya walipe ushuru. Pate na Siyu amezibomolea kuta. Pemba na watu wa bara amewaadhibu, na wakubwa wa Pemba amewaua kwa uamuzi wake mwenyewe. Soma orodha hiyo taratibu, utaona ni ramani ya uasi wenyewe. Pwani nzima ilisimama, lakini haikusimama siku moja.

Kwa kipimo changu, Mreno aliporudi Mombasa hakuogopa kitu. Ushuru uliongezeka na kuta zilianguka. Hata kiti cha usultani cha ukoo wa Malindi hakikujazwa tena, kapteni akawa ndiye serikali.

Sasa nendeni nami New Mexico. Sijachagua mbali kwa kupenda mbali. Kati ya 1580 na 1640 Ureno na Uhispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Philip II ambaye Ngome ya Yesu ilijengwa wakati wake ndiye huyohuyo ambaye katika mwaka wake wa mwisho, 1598, Juan de Oñate aliingia kwa jina lake katika nchi ya Wapueblo, kaskazini ya mbali ya Meksiko. Mfalme mmoja, pepo mbili.

Wapueblo walikuwa wakulima wa mahindi, wanakaa katika miji midogo ya udongo, wanazungumza lugha ambazo hata hazina undugu. Walitozwa mahindi na vitambaa chini ya mfumo wa enkomienda, ambapo Mhispania anapewa kaya kadhaa azitoze kila mwaka. Mapadri Wafransisko walichoma vinyago vyao na kuzuia ngoma zao. Miaka ya 1660 na 1670 ukame ulikuja na njaa nyuma yake. Mwaka 1675 gavana aliwakamata viongozi wa dini 47, baadhi wakanyongwa, waliobaki wakachapwa viboko. Mmoja wa waliochapwa aliitwa Po'pay.

Miaka mitano baadaye, wakimbiaji walitoka kwake wakiwa na kamba zenye mafundo. Kila mji ulipewa kamba, kila siku linafunguliwa fundo moja, fundo la mwisho likiisha wote wainuke. Wahispania waliwakamata wakimbiaji wawili, kwa hiyo siku iliwahishwa, na bado tarehe 10 Agosti 1680 uasi ulizuka katika eneo la mamia ya kilomita. Wahispania wapatao 400 waliuawa, wakiwemo mapadri 21 kati ya 33. Mji wa Santa Fe ulizingirwa na kukatiwa maji. Waliosalia, karibu 2,000, wakakimbilia kusini hadi El Paso.

Wahispania walikaa nje miaka 12. Diego de Vargas alirudi mwaka 1692, mwaka uliofuata akapigana kuuchukua Santa Fe, mwaka 1696 akazima uasi wa pili. Kwa hesabu ya mpira Po'pay alishindwa. Lakini tazameni walichorudi nacho. Enkomienda haikurudi New Mexico, na mapadri wakajifunza kufumba macho ngoma zilipochezwa na watu waliposhuka katika kiva, vile vyumba vyao vya ibada vilivyochimbwa ardhini. Leo kuna miji 19 ya Wapueblo katika jimbo hilo, na lugha zao zingali zinazungumzwa.

Tofauti ya Mombasa na New Mexico naiona kwenye ile kamba. Nawasilisha.

#2 Mkaa Mvita

Mkuu, umeandika vizuri, lakini Mombasa yangu umeifungia mlango mapema.

Kwanza jiografia. Santa Fe ilikuwa ncha ya dunia kwa Wahispania, msafara wa mahitaji ya misheni ulifika kama kila miaka mitatu. Ukiwafukuza watu wa namna hiyo, wanahitaji miaka 12 kurudi. Mombasa ipo kwenye njia ya upepo, na mtu aliye Goa anaifikia kila msimu. Usimlinganishe Yusuf na Po'pay kana kwamba walipewa shamba moja walime.

Pili, unaposema Mreno hakuogopa kitu, unatazama 1635 tu. Mwaka 1650 Waomani wa Yaaruba waliwatoa Wareno Muscat. Mwaka 1652 walishambulia Wareno Unguja. Watu wa Mombasa walipeleka malalamiko yao kwa Imamu, mtawala wa Omani. Mwaka 1696 ngome ikazingirwa. Kizazi kilichomwona Yusuf akiingia mlangoni kilijua kwamba zile kuta zina watu ndani, na watu hufa. Hilo halipo kwenye jiwe la Cabreira, na wala asingeliandika.

#3 Binti Shangani

Kaka mtoa mada, nimesoma mara mbili nikitafuta mahali utakapowataja waliouawa Mombasa. Po'pay umemhesabia waliouawa na watu wake, Yusuf hukumhesabia.

Waliokufa Mombasa siku zile walikuwa karibu 300. Wareno wa ngomeni na mjini walikuwa sehemu tu ya hao. Walikuwamo wake zao, watoto, na Waafrika waliobatizwa, wengine wazaliwa wa hapahapa. Walipewa kuchagua kati ya kuukana Ukristo na kufa. Tunayajua mengi kwa sababu mwaka 1632 Kanisa huko Goa lilikusanya ushahidi wa walionusurika, ili waliouawa watangazwe mashahidi wa dini. Ushahidi huo una lengo lake, sikatai, mtu anayetafuta mtakatifu atasikiliza maneno ya kitakatifu. Lakini maiti hazikubuniwa.

Ukitaka kulinganisha matokeo ya mapinduzi, na hao ni matokeo. Mswahili Mkristo wa Mombasa, ambaye pengine babu yake alikuwa Mwislamu na jirani zake wote Waislamu, aliuawa na mfalme aliyekuwa amebatizwa kama yeye. Mimi naona huyo hajawahi kupata mtu wa kumlilia. Kanisa lilimchukua kama shahidi, wazalendo wakamwacha kama msaliti.

#4 Kaskazi na Kusi (mtoa mada)

Dada Binti Shangani, umenishika pabaya na nakubali. Niliruka kwa sababu nilikuwa nakimbilia kwenye hoja. Nimeongeza hesabu yako kwenye daftari langu na nitaeleza kwa nini inabadilisha kitu.

Yusuf alijitenga na wale ambao wangeweza kuwa watu wake. Mtu aliyelelewa Goa kuanzia miaka 7 hadi utu uzima, aliyerudi akiwa na jina la Kireno, alikuwa na watu wachache sana Mombasa wa kumwamini. Inasimuliwa kwamba alionekana akisali kwa desturi ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na habari zikamfikia kapteni. Nikisoma hapo namwona mtu aliyebaki na siku chache za kuchagua. Hakuwa na nafasi ya kufunga mafundo kwenye kamba. Kwa hiyo aliyoyafanya yalikuwa ya haraka, ya damu, na hayakuwa na mpango wa kesho kutwa.

Mkaa Mvita, la jiografia nalipokea bila ubishi. Nitaongeza hata upande wako: Wahispania walirudi New Mexico kwa sehemu kwa kuwaogopa Wafaransa waliokuwa wakinusa upande wa ghuba ya Meksiko, na walihitaji Wapueblo wawe upande wao. Mtawala mwenye adui wa pembeni huwa mpole. Ila la pili silimezi. Waomani walikuja kwa sababu zao, kwa meli zao na kwa faida yao. Kusema kisu cha Yusuf ndicho kilichowaleta ni kuruka miaka 20.

#5 Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa sekondari, historia, Bara. Naomba nilete kesi ambayo mtoa mada ameiweka kwenye kichwa cha uzi halafu hajaigusa: Haiti.

Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, koloni la Wafaransa katika visiwa vya Karibi, mwaka 1789 ilikuwa na watumwa karibu 500,000, wazungu wasiofika 40,000, na machotara na weusi huru karibu 28,000. Wengi wa watumwa walizaliwa Afrika, maana miwa ilikuwa inawaua haraka kuliko walivyozaa. Usiku wa 22 Agosti 1791 mashamba ya kaskazini yaliwaka moto. (Nimeona, wakuu: kesi zote tatu ni Agosti.) Mwaka 1793 mwakilishi wa Ufaransa mwenyewe alitangaza uhuru wa watumwa katika kisiwa, na 4 Februari 1794 Paris ikaukubali kwa makoloni yote. Haikuwa hisani. Waingereza na Wahispania walikuwa wamevamia, na jeshi pekee lililoweza kukiokoa kisiwa lilikuwa la watumwa wenyewe.

Sasa kipimo cha mtoa mada kinapata mtihani safi kabisa, kwa sababu mtawala alirudi mahali pawili kwa wakati mmoja. Mwaka 1802 Napoleon alituma jeshi Saint-Domingue chini ya shemeji yake Leclerc, aliyeahidi kwamba utumwa hautarudi, na jingine Guadeloupe, kisiwa kingine cha Wafaransa. Guadeloupe, Louis Delgrès na wenzake walipigana mpaka 28 Mei 1802, kisha wakajilipua na baruti huko Matouba kuliko kukamatwa. Utumwa ukarudishwa, ukakaa mpaka 1848. Habari hizo zilipovuka bahari, maofisa weusi waliokuwa wamejiunga na Leclerc waliona kinachowangoja, wakamgeuka. Toussaint Louverture, kiongozi mkuu wa waliokuwa watumwa, alikuwa ameshakamatwa, akafia gerezani Fort de Joux Aprili 1803. Leclerc alikufa kwa homa ya manjano. Tarehe 18 Novemba 1803 Jenerali Dessalines, mmoja wa maofisa hao weusi, akashinda pale Vertières, na 1 Januari 1804 nchi ikazaliwa.

Kwa hiyo watu wa Haiti wanaweza kushukuru kushindwa kwa Guadeloupe. Ni neno zito, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliyekufa Matouba ndiye aliyewaonyesha wa kisiwa jirani kwamba ahadi ya Leclerc ilikuwa ya uongo.

Mwaka 1825 Ufaransa ilirudi mara ya pili, na manowari 14. Safari hii hawakudai mtu mmoja arudi shambani kwa pingu. Walidai faranga milioni 150 kama fidia ya mali waliyopoteza, na watumwa walihesabiwa ndani ya mali hiyo. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa, lakini awamu ya kwanza ilikuwa imeshakopwa kwenye benki za Ufaransa, na mikopo iliyozaliwa humo haikuisha mpaka 1947. Huwa nawaambia wanafunzi wangu watazame kilichobadilika kati ya 1802 na 1825. Minyororo haikuthubutu kurudi. Hati ya deni ilithubutu.

#6 Mpita Njia

Na wale Maruni wa Jamaica, watumwa waliotoroka wakaishi milimani? Waliwashinda Waingereza mpaka wakapewa mkataba mwaka 1739. Au hawaingii?

#7 Kaskazi na Kusi (mtoa mada)

Mwalimu, nimekaa na maneno yako usiku mzima. Asante sana.

Mpita Njia, wanaingia, na wananiharibia kipimo. Cudjoe, kiongozi wao, alipata ardhi na uhuru wa watu wake, na Mwingereza hakuthubutu kuwarudisha utumwani. Lakini mkataba uleule uliwafunga kumrudisha kwa bwana wake kila mtumwa atakayekimbilia milimani. Hofu ya mtawala ilinunuliwa kwa uhuru wa watu wengine. Kwa hiyo swali langu halitoshi peke yake. Inabidi niulize pia ni nani aliyelipia hofu hiyo.

Swali hilo linanirudisha pwani kwetu, kwa njia ambayo sikuipanga. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa piastri (sarafu za fedha) 20 kila mmoja. Wengi walipelekwa Île de France, ndiyo Morisi ya leo, na Bourbon, ambayo sasa ni Réunion. Katika miaka iliyofuata meli za Kifaransa zilizidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema zikiwa na watu kutoka Msumbiji na pwani hii mpaka Saint-Domingue yenyewe, ambako waliandikwa kwenye vitabu vya mashamba kama Wamozambiki. Yaani miongoni mwa waliokuwa kwenye mashamba ya kaskazini Agosti 1791 walikuwamo watu waliovuka Bahari ya Hindi na Atlantiki zote mbili. Lugha zao huku kwetu zingali hai.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Amri ya 1794, ambayo watu hao waliilipia kwa damu, ilipaswa kufika Île de France. Mwaka 1796 Paris ilituma mawakala wawili, Baco na Burnel, waitekeleze. Wakulima wa kisiwa, wenye watumwa, wakawarudisha melini ndani ya siku chache. Utumwa haukufutwa Morisi mpaka 1835, chini ya Waingereza. Mtu aliyeuzwa Kilwa akapelekwa magharibi, mwanawe angeweza kuwa raia wa Haiti. Ndugu yake aliyetoka katika msafara uleule kutoka bara, akapelekwa Morisi, alikufa mtumwa. Mapinduzi yalikuwa mamoja na amri ilikuwa moja, lakini yalifika pale palipokuwa na jeshi la kuyasimamia.

Baada ya hapo sukari ya Saint-Domingue ikapungua sokoni, mashamba ya miwa na viungo yakaongezeka kwingine, na mikarafuu ikaletwa Unguja kutoka visiwa hivyohivyo vya Wafaransa mapema karne ya 19. Sitaki kusema Haiti ilisababisha utumwa wa Unguja, hiyo ni kuruka miaka kama nilivyomkatalia Mkaa Mvita. Ila tukihesabu matokeo, tusiyahesabu kwenye kisiwa kimoja.

#8 Mkaa Mvita

Mkuu, kwa kuwa umekuwa mkweli, nami nitakuwa mkweli kuhusu 1698, ingawa watu wa kwetu hawapendi kusikia.

Kuzingirwa kulianza 13 Machi 1696 na kwisha 13 Desemba 1698. Miaka miwili na miezi tisa. Mwanzoni ndani ya ngome walikimbilia watu kama 2,500, na wengi wao walikuwa Waswahili. Mwana Fatuma wa Unguja aliwapelekea chakula. Mwana wa mfalme wa Faza, Bwana Daudi, alikuwa ndani, na maradhi yalipowamaliza Wareno yeye ndiye aliyeishika ngome. Narudia: ilifika wakati Ngome ya Yesu ililindwa kwa jina la Mfalme wa Ureno na Mswahili wa Faza.

Kwa nini? Kwa Faza adui wa kila siku alikuwa Pate, mji jirani wa kisiwa kilekile, na Pate alikuwa upande wa Omani. Ukimuuliza mtu wa Faza mwaka 1696 kuhusu ukombozi wa pwani, angekuuliza Pate watapata nini ndani yake. Tukiyasoma haya leo tukiwa na ramani ya nchi kichwani, tunawaona vibaraka. Wao walikuwa na mji wao wa kuulinda.

Na Waomani walipoingia, miaka haikuwa mingi Pate wenyewe walichoka. Mwaka 1728 Wareno walirudi ngomeni kwa msaada wa Pate! Hapo ndipo naomba mtoa mada apime. Wareno walikaa mwaka mmoja na kitu. Mwaka 1729 watu wa Mombasa waliinuka, Novemba Wareno wakaondoka, na hawakutawala tena Mombasa. Safari hii hapakuwa na mfalme aliyelelewa Goa. Ziliinuka Thenashara Taifa, yaani zile taifa kumi na mbili za mji, pamoja na Mijikenda wa bara. Ujumbe uliokwenda Omani baadaye ulikuwa na watu wa mji na watu wa bara.

#9 Kaskazi na Kusi (mtoa mada)

Mkaa Mvita, hapo umenipa nilichokuwa nakitafuta tangu post ya kwanza, nami nilikuwa nakitafuta mwaka usio wake. Nilifika 1631 na 1698 kwa sababu ndiyo miaka ya vitabuni. Mwaka 1729 hupewa sentensi moja.

Upepo ni uleule, ngome ni ileile, Goa iko palepale. Jiografia uliyonipiga nayo kwenye #2 haikubadilika hata shubiri moja. Kilichobadilika ni walioinuka. Baada ya 1631 Musungulo, wale watu wa bara wa kwenye jiwe la Cabreira, waliadhibiwa kwa uasi ambao uamuzi wake haukuwa wao. Mwaka 1729 bara ilikuwamo tangu mwanzo, na ilikuwa na sauti mpaka kwenye ujumbe. Hiyo ndiyo kamba ya mafundo ya Mombasa, ilichelewa miaka 98.

Nakubali pia kwamba Ureno ya 1729 ilikuwa imechoka, meli zake chache. Mwalimu angeniambia hivyo kabla sijamaliza sentensi. Na waliokwenda kumwita Imamu walijitafutia bwana mwingine: Wamazrui, ukoo wa Kiomani, wakakabidhiwa ngome, mwaka 1746 wakajitenga na Omani, mpaka Sayyid Said alipowang'oa mwaka 1837. Lakini Mazrui aliyekaa ngomeni alijua hawezi kukaa bila taifa za mji na bila Mijikenda. Cabreira wa 1635 alijiandika peke yake juu ya lango.

#10 Binti Shangani

Umesema vizuri, kaka. Naongeza neno dogo la lugha. Gereza tulilitoa kwa Wareno, igreja, maana yake kanisa. Wahenga wetu waliona jengo la kanisa liko ndani ya kuta za askari, wakaliita vile, na neno likabaki na kuta likaacha sala. Ngome yenyewe ilikuja kuwa jela kweli wakati wa Waingereza, kuanzia 1895 mpaka 1958.

#11 Pwani ya Saadani

Habari zenu wakubwa. Mimi nimefuata uzi kimya tangu jana. Hilo jina Otondo kwenye jiwe, ndiyo Utondwe ya huku kwetu karibu na Saadani? Wazee wanautaja kama mji wa zamani uliokufa, mahali penyewe sasa ni mikoko na vichuguu. Sikujua kama jina lake limeandikwa Mombasa.

#12 Kaskazi na Kusi (mtoa mada)

Ndiyo, ndugu yangu, ndiyo hiyohiyo. Mwaka 1635 ilikuwa na mfalme wake, na Cabreira alijisifu kwamba amemtoza ushuru. Ukifika Mombasa, simama nje ya lango kuu la ngome kabla hujakata tiketi, inua macho juu ya mlango. Maandishi ni ya Kireno na herufi zimeliwa na chumvi, nenda asubuhi na utazame taratibu, mji wenu umo.